Timbo silioni, naona malori

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Je, ungekubali timbo la kokoto lifunguliwe karibu na kwenu?" Swali limenikuta jikoni, nikalisoma mara mbili hadi chai ikafurika. Timbo mimi silioni. Tayari tunalo moja, liko nyuma ya kilima, na baruti zake husikika mara chache tu kwa wiki. Kinachopita mlangoni pangu tangu alfajiri ni malori. Basi nitajibu la malori, na jibu langu ni hapana.

Nakaa upande wa Bahati, pale barabara ya maramu inapochepuka kutoka lami ya kwenda Subukia. Sasa wanataka kufungua timbo la pili, na chifu ametuita barazani Alhamisi. Wanaojua wanasema jina Nakuru ni la Kimaasai, maana yake mahali pa vumbi. Sihitaji kamusi kuamini. Udongo wetu ni majivu ya volkeno, na mvua ikikosa kwa wiki mbili huwa laini kama unga wa sima. Tipa la tairi kumi likipita, aliye ng'ambo humwoni hadi vumbi litue. Nguo tunafua leo, tunafua tena kesho. Nyasi za kando ya barabara ng'ombe huzila kwa kukosa la kufanya.

Wameahidi lori la maji, asubuhi na jioni. Hata wa timbo la kwanza waliahidi. Tuliliona siku mheshimiwa alipokuja: lilinyunyiza hadi kwenye geti la shule, likageuza.

Kuna asubuhi moja ya mwaka 2014 ambayo hainitoki. Kibanda changu cha chai kilikuwa palepale njia panda. Tipa lilikuwa linashuka mteremko wa shule, mbuzi akakatiza, dereva akakanyaga breki, na mlango wa nyuma ukafunguka. Kokoto zikamwagika kwa kishindo cha mvua ya mawe kwenye mabati. Nusu nzima ya mzigo, mbele ya geti la shule, saa mbili kasorobo. Watoto wengi walikuwa wameshaingia. Mmoja aliyechelewa alikuwa amesimama kando ya mtaro, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, anatazama zile kokoto zilipoishia, kama hatua mbili kutoka alipo. Hakulia. Alivaa kiatu, akazunguka lile rundo, akaenda darasani.

Nusu saa haikupita, kijiji kizima kilikuwa pale. Ndoo, magunia, toroli, kuna aliyekuja na beseni la kuogeshea mtoto. Mwalimu mkuu aliwatoa wavulana wa darasa la nane wakajaze dimbwi la getini, dimbwi ambalo wazazi tulikuwa tumelichangia pesa na pesa zikapotea njiani. Mimi nilibeba karai 14. Nilihesabu, kwa sababu jirani yangu naye alikuwa anahesabu.

Dereva alikaa kwenye benchi langu akaagiza strungi. Mzee wa makamo, kofia ya sufu, mikono imepauka kwa vumbi la mawe.

"Mama, waache wachukue," akaniambia. "Nikianza kuzoa hizo nimepoteza tripu mbili."

Nikamuuliza kwa nini turubai limekunjwa juu huko na mlango umefungwa kwa waya. Akasema turubai ni dakika kumi kulifunga na kumi kulifungua, na waya ni wa tajiri, si wake. Yeye analipwa kwa tripu. Siku ya tripu tatu ni ya mafuta ya taa na unga. Tano, anaweka kidogo cha karo. Ya sita huipati bila kukimbia, na mahali pa kukimbilia ni pale pale shuleni, kwa kuwa ni mteremko na gari lenyewe linavuta. Akatoa daftari mfukoni, limejaa vistari: vinne, halafu mkato. Siku hiyo kulikuwa na kistari kimoja. Akanywa, akaondoka na deni langu la shilingi 20. Nasikia alifutwa jioni hiyohiyo.

Sasa mniruhusu niseme jambo linaloniharibia hoja. Zile karai 14 ndizo sakafu ya jikoni ninapoandikia barua hii. Na kibanda kilichonijengea hii nyumba kiliishi kwa madereva wa kokoto. Nimeandika hapana pale juu huku miguu iko juu ya kokoto zao.

Si kwamba hofu imeisha. Mhandisi mmoja wa barabara, mteja wangu, aliniambia mzigo wa ekseli, ule mhimili wa magurudumu, ukiongezeka mara mbili, uharibifu wa barabara huongezeka karibu mara 16. Na tangu Juni 30, 2023, lori lilipowavamia wachuuzi pale Londiani na watu zaidi ya 50 wakafa, kibanda changu nimekisogeza nyuma ya mtaro. Wateja wamepungua. Nalala.

Sheria nayo ipo. Mradi unaohitaji tathmini kamili ya mazingira, kanuni za mwaka 2003 zinamtaka mwenyewe afanye mikutano isiyopungua 3 na watakaoathirika, kisha leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ikitoka kuna siku 60 za kukata rufaa. Lakini ripoti niliyoonyeshwa ina kurasa za ndege na miti, na kuhusu malori imesema tu kwamba yatazingatia usalama.

Kwa hiyo Alhamisi nitakaa mbele na kuuliza moja: dereva atalipwa kwa siku au kwa tripu? Wakisema kwa siku, na waandike, na malori yasipite shuleni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi, wala watoto wanapotoka, nitainua mkono kukubali. Najua mahindi ya wenzangu wa bondeni yatakula vumbi vilevile, na wao wana haki ya kunikasirikia; hawauzi chai. Wakisema hilo ni suala la ndani la kampuni, mkono utabaki kwenye leso.

Kibanda nitafungua vyovyote vile. Wao huanza kupita saa kumi na moja alfajiri, na hiyo ndiyo saa ninayobandika sufuria.

Msomaji, Bahati, Nakuru