Kuwasha balbu nane za volti 6 kwa Arduino Uno

Ndugu, umeuliza kama balbu zako nane za volti 6, ampia 0.2, zinaweza kuunganishwa moja kwa moja kwenye pini za Arduino Uno (bodi ndogo ya kielektroniki inayoendeshwa na programu). Haitawezekana. Pini moja inafaa kutoa miliampia 20 hivi, na kikomo chake ni 40. Balbu moja tu inataka 200.

Ziunganishe sambamba kwenye adapta ya volti 6. Zote zikiwaka zinakula ampia 1.6, lakini usinunue adapta ya ampia 2 ukadhani umemaliza. Uzi wa balbu ukiwa baridi ukinzani wake ni kama moja ya kumi ya ule wa uzi uliopata moto, kwa hiyo mkondo wa kuanzia unaweza kuruka mara kumi kwa muda mfupi sana, na adapta nyingi zenye ulinzi hujizima hapo hapo. Chukua ya ampia 3, na programu iziwashe moja moja, au ipandishe mwanga taratibu kwa PWM (kuwasha na kuzima umeme kwa kasi sana ili kupunguza au kuongeza mwanga).

Kila balbu ipewe mosfeti yake (swichi ya kielektroniki inayoongozwa na pini ya Arduino), ile inayofunguka kikamilifu kwa volti 5. Hasi ya adapta na ya Arduino ziungane, la sivyo hakuna kitakachowaka. Diodi ya kinga (ile inayozuia umeme unaoruka koili inapozimwa) achana nayo, hiyo ni ya mota na rilei (swichi za sumaku).

Mimi ningezilisha volti 5.4 badala ya 6. Mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30 na kuwa wa manjano zaidi (kwangu ndio unaopendeza), ila umri wa balbu huongezeka mara tatu hivi.