Mtaje Muuaji Ukurasa wa Kwanza

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Morogoro aliniandikia. Ana skripti nne za mauaji, zote zimekataliwa, na prodyuza wa mwisho alimwambia "haina mvuto" akamrudishia karatasi zake. Anauliza, kaka, nifanyeje? Nilimjibu kwa mistari miwili nikidhani yameisha, lakini usingizi haukuja. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2015. Na mwezi huu tumemaliza kushuti filamu ambayo skripti yake ni yangu, neno kwa neno, jina langu likiwa limeandikwa linapostahili. Basi nawajibu ninyi nyote mnaokesha na skripti za mauaji huku wenzenu wakikoroma. Najua mko wengi.

Kabla ya kuandika nilikuwa wakala wa bima. Kwa miaka mitatu nilizunguka Kariakoo, Tandika na Mbagala na mkoba wa fomu, kazi ya kamisheni, usipouza huli. Nilijifunza kumsoma mtu usoni kabla hajafungua mdomo kuniambia nirudi kesho. Nilipochoka niliacha, nikanunua daftari la kaunta, nikaanza kuandika skripti yangu ya kwanza kwa kalamu.

Ilimhusu tajiri wa Tegeta aliyekutwa amekufa nyumbani kwake. Watu saba wanashukiwa. Kurasa tisini nzima nilimficha muuaji kama mtu anavyoficha pesa za ada, kisha dakika ya mwisho, kumbe ni shemeji! Niliipenda sana skripti ile. Prodyuza wa kwanza aliisoma mbele yangu, akafika ukurasa wa kumi na mbili, akaifunga. Haina mvuto. Wa pili alikaa nayo miezi minane akiniambia nisubiri. Siku moja nikapita kwenye kibanda cha CD nikakuta hadithi yangu inauzwa kwa jina jingine, na waandishi ambao sijawahi kuwaona. Sikuwa na mkataba, wala sikuwa nimeisajili popote. Sitamtaja mtu huyo. Ila mpaka leo nikifika mtaa ule navuka upande wa pili wa barabara. Kwa hiyo jambo la kwanza, kabla ya sanaa yoyote: skripti yako isitoke mkononi kabla hujaipeleka COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuisajili.

Miaka miwili iliyofuata sina cha kuwasimulia. Nilikuwa na hasira, basi.

Aliyenitoa huko ni rafiki yangu mmoja, mhariri wa video, aliyenipa flashi yenye filamu moja tu: Double Indemnity, ya Marekani, ya mwaka 1944, iliyoongozwa na Billy Wilder. Aliniambia, "Hii ni ya wakala wa bima, itakufaa." Ni mojawapo ya zile filamu ambazo Wafaransa waliziita noir, nyeusi: usiku mwingi, vivuli vingi, mwanamume anayepotea na mwanamke anayemwonyesha njia ya kupotelea.

Gari linakimbia usiku mitaa ya Los Angeles. Mtu anashuka, anapanda ofisini kwake, ana jeraha la risasi, jasho linamtoka. Anakaa mbele ya mashine ya kurekodi sauti na kuanza kuzungumza na mwenzake wa kazini, bwana Keyes. Anasema ni yeye aliyeua. Ameua kwa ajili ya pesa na kwa ajili ya mwanamke, na pesa hakupata, na mwanamke hakumpata.

Filamu haijafika hata dakika kumi!

Niliisimamisha nikaitazama ile skrini. Siri ambayo mimi niliikalia kurasa tisini, wenzangu waliitoa mlangoni, wakaniachia saa moja na nusu nikiwa sina pa kukimbilia. Na sikuweza kuondoka. Nilijua mwisho wake, lakini nilitaka kuona mtu mwenye akili zake, muuzaji mzuri, mcheshi, anavyofika pale kwa hatua ndogo ndogo ambazo kila moja, ukiwa naye, unaiona kama ya kawaida tu.

Wakala huyo, Walter Neff, anakwenda nyumbani kwa mteja kuhuisha bima ya gari. Mteja hayupo, yupo mkewe, Phyllis, ambaye Barbara Stanwyck amemwigiza akiwa na nywele za bandia za rangi ya dhahabu na cheni kwenye kifundo cha mguu. Baada ya muda mume anasainishwa bima ya ajali pasipo yeye kujua. Anadhani anatia sahihi nakala ya pili ya fomu za gari. Hapo nilisikia baridi mgongoni. "Weka sahihi hapa, na hapa tena." Sentensi hiyo nimewaambia mamia ya watu, na wengi wao hawakusoma walichosaini. Mimi sikumdhulumu mtu. Lakini nilijua ni rahisi kiasi gani, na katika skripti zangu zote sikuwahi kuliandika hilo. Niliandika habari za matajiri wa Tegeta ambao sijawahi kuingia hata sebuleni kwao.

Bima ile ina kifungu cha fidia maradufu: mtu akifa kwa ajali ya aina fulani ambayo hutokea kwa nadra, kampuni inalipa mara mbili. Dola 50,000 zinakuwa 100,000 akifia kwenye treni. Basi wanamuua ndani ya gari, Neff anavaa kama marehemu, ambaye alikuwa amevunjika mguu, anapanda treni na magongo, anaruka kutoka nyuma ya treni, kisha wanaulaza mwili kwenye reli. Mauaji yenyewe huyaoni. Neff amejificha nyuma ya kiti, Phyllis anaendesha, anapiga honi mara tatu, na kamera inabaki kwenye uso wa mwanamke. Sauti unaisikia. Yeye anatazama mbele tu. Waandishi wenzangu wa damu na mapanga, tazameni uso ule.

Halafu wanarudi kwenye gari waondoke, na gari linagoma kuwaka. Wilder alilipata wazo hilo gari lake mwenyewe lilipomgomea. Phyllis anajaribu, haliwaki. Anajaribu tena, haliwaki. Nikajisikia nasema, "Waka, waka!" Mimi, mtoto wa mwalimu wa madrasa, nawaombea wauaji gari lao liwake! Hakuna shemeji wa dakika ya mwisho anayeweza kumfanyia mtazamaji hivyo.

Na Keyes je? Edward G. Robinson amemwigiza huyu mkuu wa madai, na kila ofisi ya bima ina mzee wa namna hiyo. Kwetu alikuwepo mmoja, akishika fomu ya madai kabla hata ya kuvaa miwani anasema, "Hii ina harufu." Keyes anajiuliza swali moja tu: mtu mwenye bima ya ajali amevunjika mguu, mbona hakudai? Swali la karani, la kwenye makaratasi, na kamba yote inaanza kufumuka hapo. Upelelezi wa namna hiyo hauandikwi kwa kubuni. Unaandikwa na mtu aliyekaa mezani.

Hadithi ilitoka kwenye riwaya fupi ya James M. Cain, naye aliichota kwenye kesi ya kweli. Mwaka 1927 huko New York, Ruth Snyder na mpenzi wake Judd Gray walimuua mume wa Ruth, aliyekuwa amekatiwa bima yenye kifungu kama hicho, na wote wawili waliuawa kwenye kiti cha umeme Januari 1928. Wilder aliandika skripti pamoja na Raymond Chandler, mtunzi wa riwaya ambaye alikuwa hajawahi kuandika filamu, na waligombana toka mwanzo hadi mwisho. Lakini Chandler aliliona jambo moja: maneno ya Cain yalipendeza machoni na kugoma mdomoni. Kwa hiyo soma skripti yako kwa sauti. Soma jikoni, soma kwenye daladala kama huna haya. Ulimi ukijikwaa, futa.

Kuhusu wanawake nitasema wazi, hata kama kuna watakaonuna. Mwanamke mbaya wa filamu zetu ana kucha ndefu, anacheka peke yake chumbani, anatia sumu kwenye juisi. Huyo ni kinyago. Phyllis ni mwovu kuliko wote hao, lakini mwishoni anampiga Neff risasi moja, na ya pili anashindwa. Ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa begani mwa Neff tangu mwanzo. Mwenyewe anasema hakuwahi kudhani jambo hilo lingeweza kumtokea. Nami nimeitazama mara nyingi, bado nabishana na nafsi yangu juu ya sekunde zile. Mwandishi, mwache mtu wako mwovu ajishangae. Usimfungie kila mlango.

Filamu ile iliteuliwa kuwania tuzo saba za Oscar, haikupata hata moja. Nilipolijua hilo nililala vizuri usiku ule.

Nikaandika upya. Wakala wa bima wa Temeke, na sini ya kwanza, yaani onyesho la kwanza, anamrekodia ujumbe wa sauti kwenye simu mzee wa madai: nimeua. Itoe siri mapema, nasema tena, itoe mapema! Andika kazi uliyoifanya kwa mikono yako. Mama ntilie ana hadithi ya mauaji, fundi simu anayo, mhasibu wa kanisa anayo. Acheni kukopa majumba ya watu. Prodyuza aliyeichukua aliisoma mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama yule mzee wa madai yupo kweli.

Sini niliyoihangaikia kuliko zote ni ya pantoni. Maiti iko kwenye buti, gari limekwama foleni ya Kivukoni kusubiri kuvuka kwenda Kigamboni, jua kali, hakuna pa kugeuzia. Siku ya kushuti, mtoto anayeuza karanga, ambaye hatukumpanga, alikuja dirishani akamkazia macho mwigizaji wetu. Dairekta hakusimamisha kamera. Mwigizaji akateremsha kioo, mkono unatetemeka, akatoa mia tano, akapokea karanga. Mtoto akahesabu chenji taratibu, sarafu moja moja, na nyuma yake foleni ikaanza kusogea.

Imo kwenye filamu.