DNA yenye C nyingi kugoma kufunguka: kagua bafa kwanza

Mkuu, umesema kipande chako cha DNA yenye C nyingi (C ni saitosini, moja ya herufi nne za DNA) kinajikunja vizuri kwenye pH 5.5, kwenye 7 kinasuasua, na ukikipasha joto majibu ya leo si ya jana. Unauliza kama ulichouziwa ni kibovu. Kwa maelezo yako, kipande ni kizima. Mimi hayo yalinikuta hapa Arusha, na iliyokuwa mbovu ni bafa, yaani ule mmumunyo wa kushikilia pH isiyumbe.

Tumezoea kwamba asidi kazi yake ni kuharibu, kama maziwa yakichacha. Kwa i-motifu, yaani huo muundo unaojikunja wa DNA yenye C nyingi, ni kinyume: bila protoni, zile chembe za hidrojeni zenye chaji ambazo asidi hutoa, haijengeki. C na C kwa kawaida hazina la kushikana. Asidi ikiongezeka, C moja inadaka protoni kwenye nitrojeni yake namba 3, kisha inashikana na C nyingine isiyo na protoni kwa vifungo vitatu vya hidrojeni. Protoni moja, C mbili. Jozi hizo zinapachikana kama vidole vya mikono miwili. Ndiyo maana asidi ikizidi mno muundo unafunguka tena: kila C ina protoni yake, zinasukumana. Saitosini ikiwa peke yake pKa yake (pH ambayo nusu yake ina protoni) ni kama 4.5, na karibu na hapo ndipo muundo unakuwa imara zaidi.

Watafiti Gehring, Leroy na Guéron waliueleza muundo huu mwaka 1993, na kwa miaka mingi wengi waliuona ni mambo ya kwenye tyubu tu, kwa kuwa kiini cha seli hakina asidi ya kiasi hicho. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya Garvan, Sydney, wakauona ndani ya seli za binadamu kwa kutumia antibodi, protini inayonasa umbo hilo. C zikifuatana nyingi, muundo unavumilia hata karibu na pH 7.

Kipande changu kilikuwa na mafungu ya C sita sita. Ilikuwa Julai, baridi ile unayoijua, niko maabara na koti mbili. Nikachukua Tris, bafa ya kawaida ya maabara, iliyokuwa rafuni, nikaiweka pH 7.0 asubuhi kwenye nyuzi 18, nikaanza kupasha huku naangalia mwanga wa nanomita 295 unavyofyonzwa, maana hubadilika muundo ukifunguka. Kipande hakifunguki! Nikamwandikia msimamizi kwa mbwembwe kwamba nimepata i-motifu sugu. Akanijibu neno moja: "Bafa?"

Tris inashuka karibu 0.03 ya pH kwa kila nyuzi moja ya joto. Kutoka 18 hadi 58 ni zaidi ya pH moja nzima. Yaani nilikuwa napasha joto huku natia asidi, joto linabomoa, asidi inajenga. Nilipohamia bafa ya fosfati, ambayo haiyumbi sana kwa joto, kikafunguka mapema tu. (Barua ya mbwembwe bado ninayo.)

Chini ya pH 5.8 tumia bafa ya asetati. Na usitumie maji matupu yaliyokaa wazi, yanavuta kaboni dioksidi hewani hadi pH 5.6 hivi.

Sasa tuambie: bafa yako ni ipi, na pH uliipima ikiwa nyuzi ngapi?