Kwa Kariuki, kuhusu ile fomu ya polisi

Kariuki, baba,

Ujumbe wako tumeusoma wote wawili, baba yako akiwa ameishika simu mbali na uso kwa sababu miwani iko chumbani na hataki kuinuka. Umeuliza swali fupi: polisi wa Ayalandi ya Kaskazini wametangaza nafasi, je, uombe au uache? Ukaongeza kwamba hutaki wasiwasi wa mama, unataka maoni. Haya. Wewe unauliza kama kazi inakufaa, na mimi tangu juzi najiuliza jambo jingine: siku mtu mwenye shida atakaposimama mbele yako, utamuuliza nini kwanza?

Msimamo wangu unaujua. Umeusikia tangu utotoni hadi ukawa unauigiza mbele ya wageni, sauti yangu na mkono kiunoni. Uliza kidonda kwanza, jina baadaye. Cheka tu. Najua utasema hata mimi kule chumba cha majeruhi niliuliza majina, na kweli niliuliza, lakini mkono ulikuwa tayari umekandamiza pale panapovuja damu.

Siku ya Mjomba Njoroge ulikuwa mdogo, nadhani unakumbuka tu kwamba mlilala watoto sita kitanda kimoja. Tulikuwa tumekuja nyumbani Krismasi ya 2007 kutoka Ayalandi ya Kaskazini, nilikokuwa muuguzi. Matokeo ya uchaguzi yakatangazwa Desemba 30, na duka lake karibu na Eldoret likachomwa kabla mwaka mpya haujaingia. Alitufikia Nakuru akiwa na shati alilovaa na lile daftari la madeni ya wateja. Aliacha kila kitu, akabeba daftari la madeni! Basi nikamsindikiza kituo kimoja, sitakitaja, akaandikishe taarifa apate nambari ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, maana watu wa bima hawakusikilizi bila hiyo.

Kalamu ilikuwa imefungwa kwenye kaunta kwa kamba ya kiatu. Afisa wa zamu akafungua kitabu, akauliza jina. Njoroge akayataja yote matatu, kwa adabu, kama mtu aliye mbele ya mwalimu. Yule afisa akamtazama, akanitazama mimi, akafunga kitabu kalamu ikiwa ndani. "Nyinyi nendeni kwa watu wenu wawasaidie." Hakuwa na hasira hata kidogo, na hapo ndipo panaponiuma hadi leo. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayekueleza kwamba benki imeshafungwa. Hakuuliza kilichochomwa ni nini. Hakuuliza kama kuna aliyekuwa ndani. Na mjomba wako akamwambia asante. Asante! Nikimkumbusha anacheka, mimi sicheki.

Baba yako anasema kijana yule alikuwa amechoka, nchi ilikuwa inawaka, watu zaidi ya 1,100 walikufa katika wiki zile. Huenda. Lakini aliyechoka huandika vibaya, hafungi kitabu.

Nakueleza haya kwa sababu huko ulikobaki pia watu husomwa kwa jina. Si kwa kabila, ila kwa jina lenyewe, shule uliyosoma, mtaa unaoshukia basi, ili ijulikane kama wewe ni Mkatoliki au Mprotestanti. Polisi wa zamani, RUC, waliundwa mwaka 1922 Ayalandi ilipokuwa imekatwa vipande viwili, na hadi miaka ya 1990 Wakatoliki humo walikuwa kama 8 tu kwa kila 100, katika Ayalandi ya Kaskazini ambako Wakatoliki ni zaidi ya watu 40 kwa 100. Wagonjwa wangu wazee wa Bogside, ule mtaa wa Wakatoliki mjini Derry, walikuwa wananihadithia huku nikiwabadilishia bandeji: ukiingia kituoni unajua utakavyosomwa kabla hujafungua mdomo. Lakini nimemuuguza pia mstaafu wa RUC ambaye kila alipotaka kupanda gari aliinama kutazama kama kuna bomu chini yake, hata alipokuwa hawezi tena kuinama. Maafisa zaidi ya 300 wa kikosi kile waliuawa, wengine mbele ya watoto wao. Na Mkatoliki aliyejiunga aliwindwa kuliko wote, na wapiganaji wa upande wake mwenyewe, kwa hiyo usinisikie nikisema ubaguzi peke yake ndio uliowaweka nje. Kila upande ulikuwa na kidonda chake, na kila upande uliuliza jina kwanza.

Kisha wakafanya jambo ambalo ninaliheshimu na bado linanikera. Baada ya mapatano ya amani ya Ijumaa Kuu ya 1998 iliundwa tume ya kurekebisha polisi chini ya Chris Patten, mwanasiasa wa Uingereza, ikaleta mapendekezo 175. Novemba 2001 jina likabadilika, kisha beji nayo ikabadilika. Ile mpya imejazwa kinubi, taji, mizani, tawi la mzeituni na kadhalika, kila mtu apate chake. Lakini kiini cha yote kilikuwa kuhesabu. Kwa miaka kumi, kila aliyeajiriwa asiye Mkatoliki ilibidi aajiriwe pamoja na Mkatoliki mmoja, nusu kwa nusu, hadi utaratibu huo ulipokomeshwa mwaka 2011. Leo Wakatoliki ni karibu theluthi moja. Kwa hiyo jeraha la kuulizana majina walilitibu kwa kuulizana majina! Nimeligeuza jambo hili kila upande. Ninachukia kabisa serikali kuniuliza mimi ni nani kabla ya kuniuliza nina shida gani. Halafu najiuliza, wangefanyaje? Wangesubiri mioyo ibadilike yenyewe? Hata sisi Katiba yetu ya 2010 inataka polisi waonyeshe sura ya makabila na maeneo yote, na sijaona aliyepata njia ya kufanya hivyo bila kuhesabu. Basi waache wahesabu wakati wa kuajiri. Pale kaunta wasihesabu.

Na hapo, mwanangu, fomu itapata taabu na wewe. Huko fomu za kazi huuliza umetoka jamii ya Kiprotestanti, ya Kikatoliki, au si mojawapo. Sisi ni PCEA, Wapresbiteri wa Afrika Mashariki. Jumapili ya kwanza tulipoingia kanisa la Kipresbiteri pale Derry tulihesabiwa upande wa Waprotestanti bila kujua. Wewe tena ukasoma msingi kwa Wakatoliki, kwa sababu tu shule ilikuwa chini ya mtaa na mimi nilikuwa na zamu za usiku. Anayehesabu kwa shule atakupeleka kwa Papa, anayehesabu kwa kanisa atakupeleka kwa Calvin. Na atakayekutazama uso hatakupeleka kokote, maana katika kikosi kizima wasio weupe hawafiki asilimia moja. Wewe unaona hiyo ni nafuu, kwamba jina Kariuki halisomeki huko. Mimi sina hakika. Jina lisilosomeka nalo watu hulijaza wanavyotaka.

Usidhani naona giza tu. Unakumbuka siku niliyokutoa shuleni mapema nikakupeleka pale Guildhall, ukumbi wa mji wa Derry? Ulikuwa na sare, unalilia chipsi. Juni 15, 2010. Nilibadilishana zamu na mwenzangu wa Kifilipino nami nikajidai nina miadi. Ule uwanja ulijaa hadi ukutani. Familia za wale waliopigwa risasi na wanajeshi wa Uingereza pale Derry Januari 30, 1972 zilikuwa ndani tangu asubuhi zikisoma ripoti ya Saville, jaji aliyechunguza mauaji yale upya, sisi nje tunangoja. Kumi na watatu walikufa siku ile na mmoja baadaye. Sita kati yao vijana wa miaka 17. Uchunguzi wa kwanza, wa Widgery, ulifanywa haraka haraka mwaka ule ule na ukawasafisha wanajeshi. Ghafla mikono ikatokeza madirishani, dole gumba juu. Hakuna aliyekuwa ametangaza lolote bado, lakini uwanja mzima ukajua. Ndipo Cameron akatokea kwenye skrini kubwa akisema bungeni kwamba yaliyotendwa hayakuwa na haki wala hayawezi kutetewa, na watu wa Derry, watu wa Derry nakuambia, wakampigia makofi waziri mkuu wa Kihafidhina wa Uingereza! Kisha jamaa wakatoka mmoja mmoja, wakataja jina la mtu wao na kusema: hakuwa na hatia. Hapo majina yalikuwa matamu. Miaka 38 kidonda kilikuwa kimeulizwa, na sasa jina lilikuwa zamu yake.

Uliniuliza kwa nini ninalia na mimi si mtu wa pale. Nilikuambia ni upepo. Watu wale walikuwa wameandamana kupinga watu kufungwa bila kesi, Kariuki. Guka wako ambaye umebeba jina lake alikaa kambini miaka ya Hali ya Hatari bila kusomewa shtaka hata moja. Na si bahati mbaya tu. Frank Kitson, yule ofisa aliyejijengea sifa Kenya kwa kuwawinda Mau Mau, ndiye aliyepelekwa kuongoza brigedi Belfast mwaka 1970. Waliyojaribu kwetu waliyabeba. Mwaka 2013 William Hague, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alipotamka masikitiko bungeni kwa mateso ya kambi zile na wazee 5,228 wakapata fidia, guka alikuwa ameshalala. Shosho aliisikiliza redio hadi mwisho, akauliza tu, "Na Kariuki je?" Hatukuwa na karatasi zake.

Na hata ile furaha ya Derry imepata ufa. Oktoba 2025 mwanajeshi pekee aliyefikishwa kizimbani kwa mauaji ya siku ile, wanayemwita Mwanajeshi F, aliachiliwa na mahakama ya Belfast kwa ushahidi kutotosha. Kabla ya hapo bunge la London lilipitisha sheria ya 2023 iliyosimamisha uchunguzi wa vifo na kesi za madai za wakati ule, hadi mahakama kuu ya Belfast ikasema sehemu zake zinavunja haki za binadamu. Sasa wanaibomoa na kuijenga upya. Kwetu ripoti ya TJRC, ile tume ya ukweli, haki na maridhiano, iko kabatini tangu 2013, sitasema zaidi nisije nikapandisha presha.

Basi kikosi unachokitaka ni kipya kwa beji, lakini mafaili ya zamani yako kwao. Siku moja mama mzee atakuja kaunta kukuuliza nani alimuua ndugu yake mwaka 1974, na wewe utakuwa umevaa sare. Utamjibu kwamba wewe hukuwepo? Kweli hukuwepo. Lakini jibu hilo silipendi.

Nalijua pia hili lingine, ulifikiri sitalitaja. Aprili 2011 konstebo Ronan Kerr, Mkatoliki wa miaka 25, aliuawa kwa bomu chini ya gari lake Omagh. Ulikuwa darasani na watoto waliokuwa wakilizungumzia. Mazishini wenzake wa polisi na wachezaji wa klabu ya GAA, chama cha michezo ya Kiayalandi ambacho wengi wake ni Wakatoliki, walipokezana jeneza, jambo ambalo wazee wa wodi yangu waliapa hawakutegemea kuliona. Na mama yake alijitokeza akawasihi vijana Wakatoliki wasiogope kujiunga. Nimemfikiria mwanamke huyo mara nyingi. Mimi ningeweza? Ninaandika msimamo wangu kwa herufi kubwa hapa, na yeye aliusimamia mwanawe akiwa hajazikwa. Halafu nakumbuka Agosti 2023, polisi wenyewe walivyoanika intanetini kwa makosa majina ya ukoo na vituo vya watumishi wao kama 10,000. Majina tena!

Lakini vilevile nakumbuka Agosti iliyofuata, maduka ya wageni yalipochomwa Belfast na wewe ukanipigia simu taa zikiwa zimezimwa. Ulisema afisa mwanamke aligonga kila mlango wa mtaa wenu, na neno lake la kwanza mlangoni pako lilikuwa: kuna aliyeumia humu ndani? Ulilitaja kama jambo dogo tu. Nilipomwambia baba yako akasema, "Si ndivyo unavyotaka siku zote?" Ndivyo. Kwa nini basi sikufurahi? Kwa sababu niliposikia sauti yako nilijua ungetaka kuwa yeye, na barua hii ningekuja kuiandika.

Umesema hutaki wasiwasi, kwa hiyo huo nimeufuta, ulikuwa ukurasa mzima. Baba yako anasema uombe, na ameniamuru niandike hivyo, basi nimeandika: baba yako anasema uombe. Mimi jibu langu ninalo, usidhani sina, na limenifika hapa kooni tangu mstari wa kwanza. Ila mtu aliyebeba jina la baba yangu siwezi kumpa amri kwa barua. Nipigie Jumapili tukitoka kanisani. Kabla hujaituma hiyo fomu, Kariuki, si baada, kama ulivyofanya na ile pikipiki.

Mama yako