Faini ya dola 60 inavyomeza gari zima

Swali la wiki hii lilikuwa: "Faini ya maegesho ni kiasi kilekile kwa kila dereva. Je, ni adhabu ileile?" Jibu langu ni hapana. Mfano wangu ni Chicago, Marekani, kwa sababu kule ngazi za deni hili zinaonekana moja baada ya nyingine.

Chukua gari ambalo pleti namba zake zimekwisha muda. Faini ni dola 60. Mwenye akiba hulipa kwa simu jioni ileile, yakaisha. Asiye na akiba husubiri mshahara, na mshahara ukija kodi ya nyumba inatangulia. Tarehe ikimpita, 60 zinakuwa 120. Deni likifika kwa wakusanyaji linaongezwa asilimia 22, jumla dola 146 na senti 40. Kosa ni lile lile moja. Stika ya jiji, ile ya kubandikwa kwenye kioo kuonyesha ada ya gari imelipwa kwa jiji, ilikuwa mbaya zaidi: faini ya kutokuwa nayo ilipandishwa mwaka 2012 kutoka dola 120 hadi 200, ikichelewa ilikuwa 400, na ada ya ukusanyaji ikiingia ilifika 488. Stika yenyewe wakati huo haikufika dola 100 kwa gari dogo! Waandishi wa ProPublica, shirika la habari za uchunguzi, na WBEZ, redio ya Chicago, walipoyafukua haya mwaka 2018, madeni yalionekana kurundikana kwenye vitongoji vya watu weusi vya kusini na magharibi mwa jiji. Mageuzi ya 2019 yalipunguza makali ya stika, lakini faini nyingi bado zinajizidisha mara mbili.

Faini tatu ambazo muda wa kuzipinga umekwisha, au mbili zilizopita mwaka, zinatosha gari kufungwa lile pingu la chuma la njano gurudumuni. Kulifungua ni dola 100, na madeni yote juu yake. Ukipewa saa 24 na huna kitu, gari linavutwa: dola 150 za kuvuta, kisha dola 20 kila siku linapolala yadi. Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa sababu yadi inataka leseni halali na hati ya umiliki, na mara nyingi hati hizo ziko kwenye kidroo cha dashibodi ya gari lililovutwa. Hati ya gari iwekwe nyumbani, na mbebe nakala tu.

Baada ya siku 21 gari linaweza kuuzwa. Mwaka 2017 peke yake jiji liliuza zaidi ya magari 20,000, mengi kwa bei ya vyuma chakavu, na pesa ya mauzo haikupunguza deni la mwenye gari. Gari limekwenda, deni limebaki pale pale, na kazini hakuna basi la zamu ya saa kumi alfajiri. Mimi hili naliona ni dhuluma, hata kama sheria iliruhusu. Hadi Julai 2020 mtu aliweza pia kufungiwa leseni kwa faini kumi za maegesho ambazo hajalipa.

Wengi walikimbilia mahakama ya kufilisika ili warudishiwe gari. Wakili hakutaka pesa mwanzoni, ila malipo yake yaliingizwa kwenye mpango wa miaka mitatu hadi mitano. Ukikosa rejesho, kesi inafutwa na deni linarudi. Na tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya Januari 2021, jiji kulishikilia tu gari baada ya mtu kufungua kesi hiyo hakuhesabiwi kwamba limevunja zuio la kudai madeni, lile linaloanza kesi inapofunguliwa.

Kwa aliye Chicago sasa, la kwanza ni anwani. Notisi hutumwa kwa posta, kwa hiyo ukihama una siku kumi kubadili anwani, kwenye leseni na kwenye usajili wa gari, vyote viwili. Wengi wamefungwa gurudumu kwa faini ambazo hawakujua zipo, barua zikiwa kwa mpangaji mwingine. Ukipinga faini, piga picha inayoonyesha gari na kibao cha maegesho kwa pamoja. Picha ya kibao peke yake haithibitishi gari lilikuwa wapi. Usiende kusema "sina hela": msikilizaji wa shauri ana orodha ya sababu anazoweza kukubali, na umaskini haumo. Umaskini unasikilizwa kwenye dirisha jingine, la mpango wa malipo. Uliza pia kuhusu Clear Path, mpango wa jiji wa kupunguza madeni haya ulioanzishwa 2022 kwa wenye kipato kisichozidi asilimia 300 ya kiwango cha umaskini, na uulize kama unapokea waombaji. Fanya hivyo faini ikiwa bado moja. Zikifika tatu, dereva wa gari la kuvuta anaweza kukutangulia.