Mtoto wa selimundu akishikwa na flu, mimi singoji asubuhi

Pole sana dada wa Nakuru. Umeuliza kama kijana wako wa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi tunaouita pia sikoseli, akishikwa na flu unaweza kumpa tu Panadol na maji ya limau uone vile ataamka, na kama ile chanjo ina maana. Mimi niko Nyalenda hapa Kisumu, msichana wangu pia ni wa sikoseli, na kwake flu si mafua ya kawaida.

Shida ni kifua. Flu ikishuka kwa mapafu oksijeni inapungua, na zile seli nyekundu za damu yao zikikosa oksijeni ndio zinajikunja kama mundu zinaziba mishipa huko huko mapafuni, basi kitu kilianza na chafya unashtukia mtoto ako kwa oksijeni na anaongezwa damu. Tena bandama ya hawa watoto huwa imeharibika mapema, bakteria za nimonia zikifuata nyuma ya flu hakuna wa kuzishika, ndio maana penisilini ya kila siku haikatizwi.

Kwangu themomita ikisoma 38.5 ama zaidi tunatoka, hata kama ni saa tisa usiku natafuta boda. Akilala namfunua blauzi naangalia mbavu, zikiingia ndani kila akivuta pumzi, ama akisema kifua kinauma, hata hiyo themomita siitafuti. Maji mpe mengi, limau haina neno, lakini aspirini usithubutu kumpa mtoto mwenye flu.

Sasa huku kwetu kila joto ni malaria. Kuna kituo kimoja walimpima, malaria ikapatikana, tukaandikiwa dawa turudi nyumbani na hakuna aliyemsikiliza kifua. Malaria ilikuwepo kweli, na kifua pia kilikuwa kimejaa, tukaishia wodini. Ukifika mapokezi sema ni mtoto wa sikoseli kabla hata hawajauliza jina. Uliza pia kuhusu oseltamivir, dawa ya kupigana na kirusi cha flu, hiyo inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya siku 2 za kwanza.

Chanjo mpe. Haiko kwa zile za bure za kliniki, utanunua, na ni ya kila mwaka juu kirusi hubadilika. Kama hajafika miaka 9 na ndio mara ya kwanza, anadungwa mara 2, wiki 4 katikati. Pesa ikitosha nyinyi wakubwa mdungwe pia, flu tunaitoa kwa matatu tunawaletea. Na usiambiwe ati alishapata ile ya nimonia akiwa mdogo, hiyo ni ya bakteria, flu haiigusi.