Leso ya nyanya haitaki kubanwa

Bi harusi mmoja aliniletea leso, yaani kanga, ya marehemu nyanyake nimshonee gauni la usiku wa kupamba. Ilikuwa imevaliwa na kufuliwa miaka hadi ukiinua dirishani unaona mwanga. Nami kwa hamu ya kuonyesha ufundi nikamkatia gauni la kubana. Alipokaa tu, mgongoni pakatatuka. Mshono haukuachia hata tundu moja. Leso yenyewe ndiyo iliyochanika, kando kando ya mshono. Tulilia sote wawili.

Uzi wa poliesta una nguvu kuliko pamba iliyochoka. Gauni likivutwa, uzi hauachii, unakata kitambaa. Kwa hiyo siku hizi leso kuukuu siitwiki kazi ya kubeba mwili. Naiwekea bitana ya pamba nyepesi, nayo niwe nimeshaifua ili isije ikapungua baadaye na kukunja leso. Nalaza vyote viwili mezani, napiga bandi (mishono mirefu ya muda) kwa mkono pande zote, halafu nakata na kushona kana kwamba ni kitambaa kimoja. Sindano ni namba 9 au 11. Ile ya 16 ya kushonea jinzi inatoboa matundu yasiyofunga. Pembeni naacha sentimita 2 nzima. Na mtindo uwe wa kupwaya: dira, sketi ya marinda, au koti jepesi la wazi mbele, ambalo vijana wanalivaa juu ya jinzi na linapendeza kweli.

Leso mpya ina matatizo mengine. Ule ugumu wa dukani ni wanga, ukifuliwa unaisha na leso inapungua kidogo, basi fua kabla ya kukata. Kisutu, ile leso ya harusi ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa sababu wekundu wake ukichuja unaharibu weupe ulio jirani. Iloweke peke yake kwa maji baridi, badilisha maji hadi yatoke safi, anika kivulini. Kisha weka kitambaa cheupe chenye unyevu juu yake na upige pasi. Kikitoka na rangi, rudi kwenye beseni.

Kukata ndiko kunakonichukua muda mrefu. Leso ina kama sentimita 150 kwa 110, ina pindo pande zote, mji (ile sehemu ya katikati yenye maua), na jina, yaani msemo wake, juu ya pindo la chini. Ukiikata kama kitenge cha mita, unaishia na jina lililokatika katikati ya neno, na mimi hilo silivumilii. Aliyenunua leso alichagua maneno yale. Tumia upande mrefu uzunguke mwili. Hapo pindo linakuwa ncha ya sketi, jina linasomeka zima, na kwa kuwa upande ule ni ukingo wa kiwandani usiofumuka, huna haja ya kupinda. Urefu wa 110 unatosha sketi ya mtu mrefu. Doti nzima, yaani leso mbili, inakupa mzunguko wa karibu mita 3, marinda ya kutosha. Ua kubwa la mji lipime kwanza mwilini kwa pini, lisije likaangukia titi moja.

Leso ikiwa imeanza kutoboka, usiikate nguo kabisa. Ile ya bi harusi wangu, kipande kilichosalia chenye jina nilikishikiza juu ya mtandio wa shashi kwa mkono, na huuvaa kila Idi.